Maji ya Kumtosha Mtu Mmoja

11 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zenye vumbi. Mimi mzima, isipokuwa masikio, ambayo siku hizi yanasikia mashine hata zikiwa zimezimwa. Wenzangu watatu wa chumbani nao wazima. Mmoja anakoroma, mmoja anaongea usingizini, na wa tatu anamjibu. Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie kwamba fundi pampu wake wa mgodini bado hajazama.

Sasa neno lenyewe. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka na siongezi hata siku. Kile kiwanja cha ufukweni nilichonunua zamani, kile ulichokuwa ukikiita shamba la kaa, nataka kukijenga. Mchoraji ramani katika ukoo huu ni wewe peke yako, kwa hiyo chora. Sitaki kasri. Nataka nyumba ya kisasa isiyopaumiza mahali pale: umeme wa jua, maji ya mvua, choo kisichotumia maji, upepo badala ya kiyoyozi. Jenereta sitaki kuliona wala kulisikia mpaka nife. Miti ya mivinje ibaki yote. Kasa hupanda pale kutaga, kwa hiyo isiwepo taa inayotazama bahari. Hakuna jirani, hakuna barabara, na ndivyo nipendavyo.

Iwe nyumba ya mtu mmoja. Nimechoka na watu, mdogo wangu, na hapo simtukani yeyote.

Usinipigie simu kwa mambo haya. Simu ya huku iko ofisini na wote wanategesha masikio. Michoro mpe dereva wa lori la vipuri, ndiye posta yetu.

Kaka yako


9 Februari

Kaka,

Shikamoo. Hapa tupo. Nikisema wazima nitakuwa nimeongeza chumvi. Simu hata huku haifai, maana mama anakaa ubavuni kwangu akidhani kila anayepiga anamtaka yeye.

Mwili wa mama hauna neno. Anakula, anatembea, goti linamsumbua kukiwa na mawingu. Akili ndiyo inakwenda na kurudi, na safari za kwenda zimezidi za kurudi. Juzi alifungua bomba la jikoni akaenda zake kukaa barazani. Mama wa jirani, anayeshinda naye mchana, alikuwa amesinzia. Nilirudi kazini nikakuta kandambili zinaelea. Ofisini wamenipa jengo la maduka, vioo chini mpaka juu, litakalowaoka wateja kama mikate. Niliwaambia. Wakanitazama, nami nikachora.

Kiwanja nimekwenda kukiona. Gari linaishia kwenye kokoto, mwendo uliobaki ni wa miguu. Bahari imesogea tangu ulipokinunua, mivinje ya mbele mizizi iko nje kabisa. Kwa hiyo nyumba nimeirudisha nyuma, kwenye kile kituta, katikati ya miti. Bahari utaiona kati ya mashina, na hiyo inakutosha. Kuta ni za udongo ulioshindiliwa, nene, mchana hazipitishi joto. Paa ni bati jeupe lenye mteremko mmoja, maji yote yanashuka upande wa nyuma kwenye tangi. Madirisha yanatazamana ili upepo uingie huku utokee kule. Nyumba imenyanyuliwa kidogo, mchanga upite chini ukitaka kupita.

Vyumba ni viwili. Cha pili ni cha mama. Nimekiweka upande wa asubuhi, karibu na choo.

Mimi


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Usihesabu siku nilizochelewa, lori lilikwama kwenye tope na sisi na barua zetu tukakwama nalo. Pole kwa kandambili. Pole kwa maduka ya vioo.

Mchoro wako nimeubandika ukutani juu ya kitanda. Wenzangu wanakuja kuutazama kama sinema. Yule anayekoroma aliuliza kama baraza ile inakodishwa. Umenichorea usingizi wangu.

Nina neno moja tu. Ondoa chumba cha pili. Nimekaa nikapiga hesabu ya mvua ya kule. Paa lile wakati wa kiangazi linaweka maji ya kumtosha mtu mmoja, tena mwangalifu. Wakiwa wawili inabidi paa lipanuke, na likipanuka mivinje miwili ya nyuma lazima ikatwe, na mivinje ndiyo inayoshika mchanga. Haya yote umenifundisha wewe mwenyewe. Si mimi ninayekataa, ni hesabu.

Msalimie mama.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Ameanza kunificha viatu asubuhi ili nisiende kazini. Jana niliingia kikaoni na malapa.

Hesabu nimeipokea. Chumba cha mama nimekiondoa kama ulivyotaka. Mahali pake kuna stoo.

Mimi


10 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka kuhusu malapa, kisha nikaona aibu kucheka.

Stoo yako nimeipima kwa rula. Ina dirisha pana la upande wa asubuhi. Ina feni ya dari. Mlango wake anapita mtu na kiti cha magurudumu. Na pembeni kuna choo chenye chuma cha kujishikia. Majembe yangu yana bahati sana, sijui nitayafanyia nini mengine.

Ondoa, tafadhali. Na usinifanye niliseme hili kwa ukali. Fikiria bomba. Huko mjini bomba likiachwa wazi, hasara ni kandambili. Kule ufukweni ni tangi la msimu mzima, limekwenda mchangani asubuhi moja. Nyumba inayoishi kwa mvua inataka mtu anayekumbuka alichokigusa. Simsemi mama vibaya. Nasema nyumba ile haimfai.

Huku pampu kubwa imekufa na mimi ndiye daktari wake, kwa hiyo sina hali.

Kaka yako


21 Mei

Kaka,

Shikamoo, na leo naruka habari za goti.

Yapo mabomba ya kubonyeza. Ukiachia mkono yanajifunga yenyewe, tumeyaweka kwenye vyoo vya shule na watoto wameshindwa kuyaharibu. Tangi la pili linaweza kufukiwa chini ya baraza. Baraza inaweza kuezekwa, na hilo ni paa tosha bila kugusa mti wowote. Kila utakacholeta nina jibu lake. Hii ndiyo kazi yangu, Mwenye Nyumba, usinipige chenga kwa michoro yangu mwenyewe. Unaihurumia mivinje kuliko mama, basi sema hivyo nikusikie.

Wewe ni kifungua mimba. Tuko wawili tu, hakuna wa tatu wa kumrushia mpira. Likizo yako iliyopita ulikuja kukaa mwezi. Wiki haijaisha nikarudi kazini nikakuta begi lako halipo, na bakuli lako la uji liko mezani halijaguswa. Nikimuuliza mama anasema hakuna aliyekuja. Nikikuuliza wewe unaniambia kuhusu kasa. Kulitokea nini?

Mimi sijambo. Usinifikirie mimi.

Dada yako mdogo


4 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana, kwa hiyo ikiwa fupi nivumilie.

Nilikuwa najichotea uji. Mama akaingia jikoni, akasimama, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaniita kwa jina la baba. Nikacheka. Nikamwambia, mama, ni mimi. Akasema, "Umerudi kufuata nini? Wanao wamelala na njaa, na wewe unakula." Akachukua begi langu chumbani, akaliburuta mwenyewe na goti lake lile, akalitupa nje. Akasimama mlangoni mpaka nikatoka.

Sura ya baba ninayo, kila mtu husema. Lakini baba ndiye aliyeondoka, mimi ndiye niliyebaki. Niliacha shule nikaingia mgodini ili wewe na yeye mle, na sijawahi kumtajia mtu hilo, na leo nalitaja kwa sababu linanichoma. Miaka yote hii, halafu nafukuzwa kwa kosa la yule bwana. Najua ni ugonjwa. Daktari akinieleza nitaelewa kila neno. Iliniuma, na bado inaniuma. Naogopa kukaa nyumba moja na mama yangu akinichukia kila asubuhi upya.

Lakini uliyosema ni kweli. Weka chumba. Usikiite stoo. Hata kama mti utaanguka, mimi nitauomba radhi.

Kaka yako


30 Julai

Kaka,

Shikamoo. Tangu Mei sijaona hata mstari wako. Basi, hata kunyamaza ni jibu, nimelisikia.

Mama aliteleza bafuni. Mkono wameufunga bandeji, si jambo kubwa, ila ananilaumu kwamba nilimfunga mimi ili asipike. Jengo la maduka amepewa mwenzangu, kwa kuwa nakosekana sana ofisini. Sikubishana, lile jengo lilikuwa balaa tangu mwanzo.

Fundi nimempa mchoro wa mtu mmoja. Msingi umeshamwagwa. Hakuna mvinje uliokatwa, hata tawi. Stoo nayo nimeitoa, majembe utayalaza barazani. Umepata ulichokitaka, na mimi nimekubali shingo upande, lakini nimekubali.

Mimi


16 Agosti

Kaka,

Barua yako ya Juni imefika leo. Lori liliharibika njiani, likalazwa gereji, na bahasha ikalala humo chini ya kiti cha dereva mpaka walipolifufua. Dereva ameniomba msamaha kama vile aliisoma. Nimeisoma nimesimama mlangoni, mkoba begani, mama ananiuliza ni nani amekufa.

Kumbe ulishakubali. Mimi nimekununia miezi miwili na wewe ulishakubali.

Nimekwenda ufukweni leo hiihii. Msingi umekauka, mgumu kama ugomvi wetu. Fundi akasema inawezekana kuuongeza upande wa nyuma, chumba kitaingia, ila mivinje miwili itabidi itoke na kazi ya mifereji ianze upya. Kile cha kufukia tangi chini ya baraza sasa kimepitwa, nguzo zimeshasimama. Akaniuliza tufanyeje. Swali lenyewe ni hilo tu, mtu kaniuliza tufanyeje. Nikakaa chini kwenye mchanga nikalia mbele ya mafundi wote. Wakajitia kutafuta misumari.

Si kwa ajili ya msingi. Nimechoka, kaka. Sikuwa nakwambia, maana wewe uko mgodini na mimi niko kwenye kiti ofisini, niione wapi haki ya kuchoka? Lakini nimechoka mpaka nasahau naelekea wapi barabarani. Naoga mlango wazi ili nimsikie. Namjibu swali lilelile mpaka najichukia kwa sauti ninayomjibia. Jumapili moja nilimfokea akalia, na baada ya muda mfupi akasahau, akaniletea kiti nikae. Mimi sikusahau.

Na nikwambie ukweli wa kile chumba. Sikukichora kwa ajili ya mama. Nilikichora ili mimi nipate kulala. Nampenda mama na nilitaka umchukue, yote mawili ni kweli, na sijui mtu anayabebaje pamoja.

Sijamjibu fundi bado.

Mimi


2 Septemba

Mdogo wangu,

Usivunje kitu, usikate kitu. Mwambie fundi aendelee na ule mchoro wa mtu mmoja.

Nimeacha kazi. Wamenuna, wamesema mkataba haujaisha, nikawaambia hata mimi naona. Pampu zao zitanisamehe. Nakuja kwa mama, si ufukweni. Siku nitakayofika, wewe toka. Ofisini omba likizo, nenda ukasimamie ujenzi mpaka nyumba iishe. Kibanda cha mafundi kina kitanda, nimeuliza.

Akinifukuza nitakaa kibarazani mpaka anisahau, kisha nitaingia tena.

Kaka yako


13 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea fundi pamoja na saruji, isiposomeka laumu saruji. Mama hajambo. Mkono umepona. Goti anasema ni langu, yaani mimi ndiye niliyemwumiza.

Kwanza nijibu: chumvi unaificha wapi? Mama anasema nyumba hii haijawahi kuwa na chumvi. Pili, mbona hukuniambia kwamba anavua nguo kibarazani akihisi joto? Mama wa jirani alikuja mbio na khanga, mimi nimeduwaa kama mlingoti. Sasa nimezoea, khanga iko mlangoni. Mabomba yote nimeyafungia valvu chini ya sinki, ufundi wa mgodini haukwenda bure. Naoga mlango wazi. Namjibu swali lilelile, na juzi nilisikia sauti yangu ikiwa ile uliyoiandika, nikatoka nje nikakaa karibu na pipa la taka mpaka iliponirudi ya kwangu. Wewe uliyafanya haya miaka mingapi na bado ukaenda ofisini na malapa? Nasema pole, na najua haitoshi.

Bado ananiita kwa jina la baba. Siku za mwanzo nilikuwa nabisha, namwonyesha picha, namtajia siku niliyozaliwa. Akawa anapandwa na hasira zaidi, na mimi vilevile. Wiki iliyopita nilikuwa nimechoka kubisha. Aliponiita, nikaitika. Akanikalisha mezani, akaanza. Mdogo wangu, mambo aliyonayo yule mama moyoni. Alinisema kuanzia kodi ya nyumba ile ya kwanza mpaka homa yako uliyougua wewe mchanga na yeye hana wa kumshikia taa. Sikukatiza. Alipomaliza nikamwambia, "Nisamehe. Nilikosea." Akanitazama sana. Kisha akasema, "Umekula?"

Nimemwombea msamaha mtu ambaye mimi mwenyewe sijamsamehe. Nililia kidogo nikiosha vyombo. Tangu siku hiyo hanifukuzi. Kuna asubuhi ananiita baba, kuna asubuhi ananiita fundi wa bomba, na mara moja aliniita mimi.

Nyumba imefikia wapi?

Kaka yako


5 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Chumvi iko kwenye kopo la majani ya chai, juu, kwa sababu alikuwa anaimwaga kwenye maua. Samahani, nilisahau kukwambia. Khanga nilidhani utajua.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sina la kusema juu ya baba, isipokuwa kwamba mimi nisingeweza kuitika. Umeniondolea lawama ambazo nilikuwa nazisikia kila siku bila kujua ni za nani.

Kuhusu nyumba. Kuta zimesimama vizuri, rangi ya udongo ni ileile ya mahali penyewe, ukitokea ufukweni huioni mpaka uwe karibu. Upepo unaingia kama nilivyochora, jambo ambalo katika kazi yangu halitokei kila mara. Mvua ilinyesha juzi, nikakaa barazani nikisikiliza maji yanavyoingia tangini. Wiki hii kasa mmoja alipanda, akachimba, akarudi zake, hakujali kwamba kuna nyumba. Nalala. Mwanzoni nilikuwa nashtuka nikidhani nimeitwa, sasa sishtuki.

Kazi bado zipo. Kuna milango. Kuna mambo ya mifereji, na sakafu inataka kutazamwa, na betri zile lazima mtu azijue tabia zake kwanza. Fundi naye ana shughuli zake. Nadhani wiki mbili hivi, au zaidi kidogo. Ni nyumba yako, nitakukabidhi ikiwa sawasawa.

Mama ananiulizia?

Mimi


29 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, chumvi tumeipata, ila na majani ya chai sasa yana ladha ya chumvi.

Fundi alipita jana kutusalimia, alikuwa na shughuli zake huku mjini. Nikamuuliza milango vipi. Akashangaa. Akasema nyumba ilikwisha zamani, milango ilitiwa hata kabla hujaniandikia barua ile, mifereji haina tatizo, na betri mtu yeyote anaweza kuziwasha. Akasema kila akipita kule anakukuta umekaa barazani hufanyi lolote. Alisema kwa sauti ya chini, akidhani unaumwa na mimi sijui.

Nilimwambia hiyo ndiyo kazi niliyokupa.

Usianze kunieleza. Usiniandikie samahani, wala habari ya kunikabidhi funguo. Mimi nitakuja siku moja kuiona, tena na mama, tutashinda na kurudi. Maji ya paa lile ni ya kumtosha mtu mmoja, na mtu mwenyewe yupo.

Umeuliza kama anakuulizia. Kila siku. Jana tulikuwa naye hapo mezani fundi akisema hayo yote, naye anasikiliza kama anayefuata. Fundi alipomaliza akamuuliza, "Sasa binti yangu anarudi lini?" Fundi akanitazama mimi. Nikamjibu mama kwamba bado paa. Akasema maskini mtoto, na mvua zote hizi, akaendelea kunywa chai yake.

Kwa hiyo ukiandika, andika habari za paa. Nitamsomea.

Kaka yako